Kawia Ufike: Hofu ya Hadhara na Safari ya Neno Kutoka Ubongoni Hadi Ulimini

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Wakasema pia kawia ufike. Methali hizi mbili nimezisikia tangu nikiwa shule ya msingi, nikazitumia katika insha nyingi za mitihani, na hata nikazifundisha nilipokuwa kwenye mazoezi ya ualimu katika shule moja ya upili. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja zingenifafanulia jambo linalotendeka ndani ya fuvu la kichwa changu. Makala haya yanahusu jambo hilo. Ni makala ya mtu anayesoma Kiswahili katika kiwango cha uzamili, anayekipenda na kukiandika bila tabu, lakini ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiogopa kukizungumza mbele ya watu.

Mnamo mwaka wa 2023 niliitwa mbele ya jopo la idara kutetea pendekezo langu la utafiti. Nilikusudia kuihakiki riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka wa 1974, kwa mkabala wa kisaikolojia. Nilikuwa nimeisoma riwaya hiyo mara saba. Niliwasilisha pendekezo langu kwa kuisoma karatasi neno kwa neno, kichwa kikiwa kimeinama. Nilipomaliza, mhadhiri mmoja akaniuliza swali jepesi: "Kwa nini umeiteua riwaya hii na si nyingine?" Nilifungua kinywa nisitoe neno. Moyo ulidunda hadi nikausikia masikioni. Viganja vililowa jasho. Nilipojikakamua hatimaye kusema, nilisema "riwaya hiki". Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili! Hapo nikasadiki kwamba chumba kizima kimeangua kicheko. Nikaketi kabla ya kuambiwa niketi.

Rafiki yangu aliyekuwa nyuma ya ukumbi aliniapia baadaye kwamba hakuna aliyecheka. Wanajopo wawili walikuwa wakiandika, mmoja alikuwa akitafuta miwani yake, na mwenyekiti alikuwa akinitazama kwa huruma. Sikumwamini hata kidogo. Jopo liliamua nirudi baada ya miezi mitatu, jambo lililomaanisha karo ya muhula mwingine. Karo hiyo ilitoka kwa kaka yangu, ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda. Nilimwambia kwamba walimu wametaka niongeze vitabu vya kusoma. Ulikuwa uwongo.

Haukuwa uwongo wangu wa kwanza wa namna hiyo. Baba yetu alipofariki, familia iliafikiana kwamba mimi ndiye nitakayesoma wasifu wake siku ya mazishi, maadamu mimi ndiye msomi wa lugha. Niliuandika mwenyewe, kurasa mbili. Asubuhi ya mazishi nikasema kichwa kinaniuma na nikabaki ndani ya nyumba. Kaka yangu, aliyeacha masomo darasa la nane, aliusoma badala yangu. Nilikuwa nikimsikia kupitia dirishani, akijikwaa kwenye maneno niliyoyachagua kwa ajili ya ulimi wangu na wala si wake.

Wapo watakaouliza hofu hii ilianzia wapi. Mimi ni mzawa wa Nyeri na lugha yangu ya kwanza haina sauti /l/. Nilipokuwa darasa la sita nilighani shairi kuhusu uchaguzi katika tamasha la muziki, na kura na kula zikabadilishana nafasi kinywani mwangu. Watu walicheka, na safari hiyo kicheko kilikuwa cha kweli. Sidai kwamba ugonjwa hutokana na tukio moja. Wenzangu wengi walichekwa vivyo hivyo, na leo ni watangazaji na wanasiasa. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo nilianza kujisikiliza kila nisemapo, kama mwalimu anayesahihisha daftari kabla mwanafunzi hajamaliza kuandika.

Baada ya aibu ya jopo nilimwendea mshauri nasaha wa chuo. Alinisikiliza kwa muda wa saa nzima, kisha akaniambia kwamba nilichonacho kina jina. Mwaka wa 1980 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walikiingiza katika toleo la tatu la mwongozo wao wa uainishaji wa maradhi kwa jina la hofu ya kijamii. Katika toleo la tano, la mwaka wa 2013, jina lililotangulizwa ni wasiwasi wa kijamii. Mimi nimependa kukiita hofu ya hadhara. Nilimwuliza mshauri kama si haya tu, nami nimelelewa kuamini kwamba haya ni pambo la mtu. Akanijibu kwamba kila mtu hutetemeka kidogo mbele ya umati, na haya si maradhi. Hofu huwa maradhi inapodumu kwa miezi sita au zaidi, inapozidi mno hatari iliyopo, na inapomzuia mtu kufanya mambo ambayo maisha yake yanayahitaji. Nilikumbuka dirisha la nyumba yetu siku ya mazishi, nikanyamaza.

Mhakiki wa fasihi akipewa jina hutafuta maana. Nilianza kusoma taaluma ambayo si yangu, na ningependa kuyaeleza niliyoyapata kwa lugha ambayo wanafunzi wenzangu wataielewa.

Ndani ya ubongo, usawa wa chini ya kipaji kila upande, mna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Jina hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni lozi, kwa kuwa umbo lake linafanana na kokwa ya lozi. Mojawapo ya kazi zake ni kutambua upesi kinachoweza kudhuru, zikiwemo nyuso za watu. Hata hivyo, amigdala haifanyi kazi peke yake. Inashirikiana na mtandao unaoamua ni jambo gani lipewe uzito, ambao pia hupokea habari za mwilini kama vile mapigo ya moyo. Upo mtandao wa pili, wenye makao yake makubwa nyuma ya paji la uso na juu kuelekea kisogoni, unaotuwezesha kupima mambo, kuchagua maneno na kutuliza hisia. Upo na wa tatu, unaochangamka tunapojifikiria sisi wenyewe: mimi ni nani, watu wananionaje. Udhibiti wa hisia si kazi ya sehemu moja. Ni mazungumzo baina ya mitandao hii.

Kwa mtu mwenye hofu ya hadhara mazungumzo hayo huenda kombo. Mnamo mwaka wa 2002 Murray Stein na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba amigdala za watu wenye hofu hii ziliitikia kwa nguvu zaidi walipotazama picha za nyuso zenye hasira au dharau. Walichokuwa wakitazama ni picha tu, zisizoweza kumdhuru yeyote. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mwanajopo aliyekuwa akitafuta miwani, ambaye mimi nilimwona akinidharau.

Isitoshe, niligundua kwamba chumba cha jopo kina nakala yake katika maabara. Katika mji wa Trier, Ujerumani, watafiti Kirschbaum, Pirke na Hellhammer walibuni jaribio ambalo matokeo yake waliyachapisha mwaka wa 1993. Mshiriki hupewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha huhutubia jopo kwa dakika tano, na baadaye hufanya hesabu ya kutoa kwa sauti kwa dakika tano nyingine. Wanajopo huwa wamefunzwa wasitabasamu wala kutikisa kichwa. Kiwango cha kotisoli, homoni ya mfadhaiko, hupanda hata kwa watu wenye afya njema. Nilipata faraja kidogo. Wanasayansi walipotafuta njia ya kuaminika ya kumtia binadamu mfadhaiko, walichokiunda kilifanana na kikao chetu cha kutetea pendekezo.

Jambo lililonigusa zaidi kama mwanafunzi wa fasihi ni maelezo ya David Clark na Adrian Wells ya mwaka wa 1995. Wanasema kwamba mtu mwenye hofu hii, akisimama mbele ya watu, huacha kuwatazama wasikilizaji na kugeuza macho ndani. Hujitazama kana kwamba yuko nje ya nafsi yake, na picha hiyo anayoiona huichukua kuwa ndiyo wanayoiona wengine. Kwa istilahi zetu, huacha kusema kwa nafsi ya kwanza akawa anajisimulia kwa nafsi ya tatu: tazameni anavyotetemeka, sikilizeni anavyokosea upatanisho wa kisarufi. Huyo ni msimulizi asiyeaminika. Nimefunzwa kumshuku msimulizi wa namna hiyo katika kila riwaya, na nikasahau kumshuku yule aliyekuwa akinisimulia mimi.

Sasa nirejee kwenye methali zangu. Philippe Goldin, James Gross na wenzao, katika Chuo Kikuu cha Stanford, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku, wakawapa fikra mbaya zinazohusu nafsi zao, kisha wakawataka wazitathmini upya, yaani wazipe maana nyingine yenye mizani. Katika matokeo waliyochapisha mwaka wa 2009, wale wasio na hofu ya hadhara waliziamsha mapema sehemu za ubongo zinazohusika na udhibiti, lugha na makini. Kwa wale wenye hofu, sehemu hizo hazikuwa zimekufa wala kutoweka, bali zilichelewa na kufanya kazi kwa nguvu ndogo. Hofu hutangulia, busara hukawia. Na katika maisha ya kawaida mwenye kuuliza swali hangoji. Busara yangu ilifika jioni ile nilipokuwa kitandani, ikiwa na jibu zuri lenye hoja tatu na mifano.

Methali husema kawia ufike, lakini haituambii la kufanya pale ambapo kufika kwa kuchelewa ni sawa na kutofika. Jibu nililipata katika utafiti mwingine wa kundi hilohilo, uliochapishwa mwaka wa 2013. Wagonjwa 75 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipata tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mienendo, na wengine wakasubiri zamu yao. Baada ya tiba, sehemu za mbele za ubongo za wale waliotibiwa zilianza kuitikia mapema zaidi kuliko za waliokuwa wakisubiri. Kwa maneno mengine, ubongo unaweza kufunzwa kuharakisha kufika.

Nilikuwa nimejifunza njia nyingine tangu utotoni, nayo ni kuficha. Nilikaza uso, nikabana pumzi, nikasoma karatasi bila kuinua macho. Mwaka wa 2000 Jane Richards na James Gross walionyesha kwamba mtu anayejitahidi kuficha hisia zisionekane usoni huyakumbuka vibaya mambo anayoyasikia na kuyaona wakati huo. Kujificha kunahitaji kazi, na kazi hiyo huchukua nafasi iliyopaswa kutumika kusikiliza. Si ajabu kwamba hadi leo siwezi kukumbuka nusu ya yale ambayo jopo liliniambia. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwa upande wangu kilio hicho kilikuwa "riwaya hiki".

Utafiti ulionishangaza kuliko yote unahusu maneno. Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha washiriki picha za nyuso zenye hisia kali. Mara nyingine waliwataka wachague neno linalotaja hisia ile; mara nyingine wachague jina la mtu, la kike au la kiume, linalofaa uso ule. Matokeo yao ya mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba walipoitaja hisia, amigdala ilitulia na sehemu moja ya mbele ya ubongo, upande wa kulia, ikachangamka. Walipochagua jina la mtu tu, utulivu huo haukutokea kwa kiasi hicho. Kumbe kuiita hofu kwa jina lake ni sehemu ya kuidhibiti.

Niliposoma hayo nililiweka jarida chini nikafungua kamusi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna hazina kubwa ya maneno ya aina hii, na twayatumia ovyo kana kwamba ni visawe. Haya humzuia mtu kabla ya kutenda. Aibu humjia baada ya kutenda. Fedheha huhitaji mashahidi. Tumbojoto ni la kungoja. Kiwewe humvuruga mtu asijue la kufanya, na bumbuwazi humfunga kinywa. Nilikuwa nikisema siku zote kwamba ninaogopa, na neno hilo moja lilikuwa kubwa mno, kama gunia lisiloshikika. Mshauri wangu alinitaka kila siku niandike nilichokihisi kwa neno mahususi. Baada ya wiki chache niligundua kwamba siku nyingi sikuwa na hofu. Nilikuwa na tumbojoto, ambalo huisha jambo lianzapo; au nilikuwa na aibu ya jambo la zamani, ambalo halikuwamo chumbani.

Sharti niongeze tahadhari, kwa sababu mwanafunzi wa fasihi akiingia sayansi huweza kulewa sitiari. Picha za ubongo huonyesha wastani wa kundi, wala hazimhukumu mtu mmoja. Kichwa changu mimi hakijawahi kupigwa picha yoyote. Vilevile, tafiti nilizozitaja zilifanywa ughaibuni, miongoni mwa watu ambao huenda hawakufunzwa, kama tulivyofunzwa wengi wetu, kwamba mdogo hunyamaza mbele ya mkubwa. Kunyamaza mbele ya wazee kwetu ni adabu. Kwa hivyo, hofu yangu iliweza kuvaa kanzu ya adabu kwa miaka mingi bila kushukiwa na yeyote, nikiwemo mimi.

Tiba yenyewe haikuwa na miujiza. Nilikutana na mshauri mara kumi. Tuliziandika fikra zangu na kuzipima kama mhakiki anavyopima dai: ushahidi uko wapi, na je, kuna tafsiri nyingine? Rafiki yangu wa nyuma ya ukumbi akawa shahidi niliyemkataa nikalazimika kumkubali. Kisha nikapewa kazi ndogondogo, moja kila wiki. Kuuliza swali moja darasani. Kumweleza kondakta wa matatu kwamba hajanirudishia chenji, abiria wengine wakisikia. Kusoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya watu watatu, bila kuomba radhi nikikosea. Kila mara nilitetemeka, na kila mara nilibaki pale hadi mtetemo ulipopungua.

Nilirudi mbele ya jopo. Nikiwa nje ya mlango niliandika maneno matatu pembeni mwa karatasi yangu: tumbojoto, haya, shauku. Lile la tatu lilinishangaza, lakini lilikuwa la kweli. Washairi wengi wa tenzi za kale hawakuanza moja kwa moja. Waliomba dua, wakaagiza karatasi na wino, na mwishoni wakaomba wasamehewe makosa yao. Nilikuwa nikiichukulia desturi hiyo kuwa ni utaratibu wa utanzu tu. Siku hiyo niliiona kama mlango wa kumwingiza mtu mwenye woga. Nikasema: "Waheshimiwa wanajopo, nina tumbojoto. Naomba mnivumilie nikikawia kujibu." Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Swali likaja, lilelile. Nikanyamaza kwa muda nilioudhani kuwa mrefu sana. Kisha nikajibu kwamba nimeiteua Kichwamaji kwa sababu msimulizi wake, Kazimoto, anatumia nafsi ya kwanza na hata hivyo hajui kuishi ndani ya nafsi hiyo, na kwamba mimi nataka kujua kwa nini. Sauti yangu ilitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho. Pendekezo lilipitishwa na marekebisho.

Sijapona kabisa. Mwezi uliopita nilikaa kimya katika semina nzima ilhali nilikuwa na la kusema. Lakini siku hizi najua kinachotokea ninaponyamaza, na najua kwamba neno liko njiani.

Kwa hivyo nina ombi kwa wanachama wenzangu na kwa walimu wetu. Idara ya Kiswahili ni mahali ambapo kila sikio linawinda kosa. Tunamkatiza mwenzetu katikati ya sentensi kwa sababu ya ngeli, tunacheka /r/ na /l/ za wenzetu wa bara, na tunadhani kwamba tunailinda lugha. Usahihi una mahali pake nami ninauthamini. Tumsahihishe mtu akishamaliza. Na akinyamaza baada ya kuulizwa, tumpe pumzi mbili au tatu kabla ya kuliondoa swali mbele yake. Huenda jibu linakawia tu.

Jioni ya siku ile ya pili nilimpigia kaka yangu simu nikamweleza yote: jopo la kwanza, karo, na kichwa ambacho hakikuwa kikiniuma siku ya mazishi ya baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Alinyamaza kidogo, nikasikia pikipiki zikipita kwenye steji yake. Kisha akasema: "Mwalimu, hata mimi siku ile miguu ilikuwa ikitetemeka. Hukuiona kwa sababu ulikuwa ndani."